Nilisema "juoksin ulos maidosta", mzee akanishangaa: "run" ya Kiingereza na maneno yake ya Kifini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Tampere, nasomea kazi ya lähihoitaja, yaani muuguzi msaidizi, na nafanya mazoezi kwenye nyumba ya wazee. Kwenye simu nina kamusi ya Kiingereza na Kifini. Nikiandika "run" yananijia maneno zaidi ya kumi, la kwanza likiwa juosta, basi nimekuwa nikitumia hilo hilo. Juzi nilitaka kumwambia mzee mmoja kwamba maziwa yameniishia, nikasema "juoksin ulos maidosta". Alinitazama mpaka nikaona haya. Nilikosea wapi, na nitajuaje neno la kutumia? Pia nisaidie mambo mawili ya ripoti ya kukabidhiana shifti: kwamba shifti ya usiku ni saa tatu mpaka saa moja, na kwamba glavu zinakaribia kuisha.

JIBU: Marahaba dada. Tuanze na yule mzee, maana ukielewa alichosikia umeshaelewa nusu ya jibu. Juoksin ni "nilikimbia". Ulos ni "nje". Na kile kimkia cha -sta mwishoni mwa maidosta maana yake ni "kutoka ndani ya". Kwa hiyo ulimwambia umetoka mbio ndani ya maziwa. Viambishi vyako vyote vilikuwa sahihi, hata ile t ya maito uliigeuza d inavyotakiwa, na kwa sababu hiyo hiyo alishangaa: sentensi ilikamilika, picha ndiyo haikumwingia.

Ulichotakiwa kusema ni Minulta loppui maito. Sasa itazame taratibu. Minulta ni "kutoka kwangu". Loppui ni "iliisha". Maito ni "maziwa". Na sisi nyumbani tunasemaje? Maziwa yameniishia. Hatusemi mimi nimefanya kitu. Maziwa ndiyo yaliyoisha, mimi nimetajwa tu kama aliyeguswa, na kazi hiyo kwetu inafanywa na ile -ni- iliyokaa katikati ya kitenzi pamoja na -ia ya mwisho. Mfini anaifanya kwa -lta. Vifaa viwili tofauti, wazo moja. Pesa zimeniishia ni minulta loppui raha. Muda umeisha ni aika loppui. Dada, sentensi ya Kifini ulikuwa nayo tayari kichwani, kwa Kiswahili. Uliipitisha kwenye "I ran out of milk" ya Kiingereza, ikaharibikia njiani.

Nimekalimani na kufundisha miaka mingi, na kosa hili naliona kwa wanafunzi wetu kila muhula. Tumesoma sekondari kwa Kiingereza, tukazoea kuamini kwamba lugha yoyote ya Ulaya lazima ifikiwe kupitia mlango huo. Kwa Kifaransa au Kijerumani pengine inasaidia, ni majirani wa Kiingereza. Kifini hakimo katika ukoo huo kabisa. Ndugu yake wa karibu ni Kiestonia, na wa mbali ni Kihangari. Ukiangalia namna kinavyojenga maneno, kwa kubandika viambishi kimoja baada ya kingine, wewe uliyelelewa na "hatutawapikia" una mazoezi ambayo Mwingereza hana.

Na "run" ni neno baya zaidi la kuanzia. Mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, Peter Gilliver, alipolipitia upya alifikisha maana 645 za kitenzi hicho peke yake, na kazi hiyo ilimchukua kama miezi tisa. Kila kitu kilichoanza kwenda, Waingereza wamekipa "run": mto, pua, saa, treni, injini, duka, kompyuta, mgombea urais, habari ya gazetini, uzi wa soksi. Kifini hakifanyi hivyo. Kinakuuliza kwanza ni kitu gani kinachokwenda na kinakwendaje, halafu ndiyo kinakupa kitenzi. Kiswahili nacho kinauliza vilevile, ila kwa kuwa umekizaliwa nacho husikii likiulizwa.

Juosta basi ni la miguu. Mtu, mbwa, farasi. Wafini wanalipenda neno hilo kwa sababu wanaupenda mchezo wenyewe, na ukitaka kumfungua mdomo mzee wa Kifini asiyesema sana, mtajie mbio. Mtaje Lasse Virén, aliyeanguka katikati ya fainali ya mita 10,000 kule Munich mwaka 1972, akainuka na kushinda kwa rekodi ya dunia. Au mpe ya kwetu: Moscow 1980, mita 5,000, wa pili Suleiman Nyambui wa Tanzania, na nyuma yake wa tatu Kaarlo Maaninka wa Ufini. Hapo juosta, juoksija (mkimbiaji) na juoksu (mbio) zitakutoka kinywani bila hofu. Ila angalia, Mfini anayevaa raba jioni kwenda kukimbia kidogo kwa ajili ya afya, mara nyingi atakuambia lähden lenkille. Lenkki ni mzunguko, kile kiduara cha kutoka mlangoni na kurudi mlangoni.

Kutokana na mzizi wa juosta yanazaliwa maneno ambayo Mswahili anayaelewa haraka. Sisi tuna kukimbia, kukimbiza, kukimbilia, kukimbizana, kukimbiakimbia. Wao wana juoksuttaa, kumfanya mwingine akimbie, na juoksennella, kukimbiakimbia huku na huku bila safari maalumu. Wana na neno wanalopenda kuwatishia wageni nalo: juoksentelisinkohan. Usitishike, lichane tu kama unavyochana "tusingalimpikia". Juoksentel- ni kukimbiakimbia, -isi- ni ile "-nge-" yetu, -n- ni mimi, -ko- inauliza, -han inaongeza hali ya kujiwazia. "Sijui ningekimbiakimbia kidogo?" Neno zima ni mtu anayejisemea moyoni.

Juoksuttaa lina matumizi mengine ambayo utakutana nayo siku ukifuatilia karatasi. Mtu aliyepelekwa dirisha hili, akaambiwa nenda lile, akafika akaambiwa rudi la kwanza, kwa Kifini wamemkimbiza kutoka dirisha hadi dirisha, luukulta luukulle. Kwetu tunasema wamemzungusha. Kiingereza kina msemo wake wa hali hiyo, ila huuhitaji.

Mashine sasa. Hapa ndipo wengi wanateleza, na hapa neno la kushika ni käydä. Kamusi itakuambia käydä ni "kutembelea", na ni kweli: käyn kaupassa, naenda dukani na kurudi. Lakini saa ya ukutani nayo kello käy, injini moottori käy, biashara inayouza kauppa käy. Weka "kwenda" la kwetu hapo uone. Saa inakwenda. Biashara inakwenda. Hata mambo yakiwa sawa, tunasema yanakwenda vizuri, nao wanasema kävi hyvin, yalikwenda vizuri. Ukitaka kulipa kwa kadi unauliza käykö kortti? Na mzee akianguka chini ukamkimbilia, swali la kwanza ni mitä sinulle kävi?, umepatwa na nini? Mimi ningeacha mambo mengine yote wiki nzima nikakaa na käydä peke yake, kwa jinsi linavyorudi kila mahali. Mashine ya kufulia pale kazini ikiwa inafanya kazi, pesukone on käynnissä, na hiyo käynnissä imetoka humo humo. Kuiwasha ni käynnistää: kuifanya iende.

Basi la abiria hupewa kitenzi kingine, kulkea, ambacho nakiona karibu sana na "kupita". Basi halipiti Jumapili, bussi ei kulje sunnuntaisin. Barabara inapita kando ya ziwa, tie kulkee järven rantaa. Ugonjwa uliomo katika ukoo nao se kulkee suvussa, unapita ndani ya ukoo, na hii utaisikia kwenye mazungumzo na daktari kuhusu kisukari au presha.

Kuendesha duka au mgahawa ni pyörittää. Nakupa hili kwa furaha maana umbo lake linavutia: pyöriä ni kuzunguka, ongeza -ttä- na inakuwa kuzungusha. Anazungusha mgahawa. Sisi tumechukua kwenda, tukaongeza -sha, tukapata kuendesha. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo kwenye "run", na kwa sababu hiyo mtu anayekimbia na mtu anayeendesha duka wanabaki na kitenzi kilekile. Kama unamzungumzia mkuu wa wodi anayeongoza watu, tumia johtaa, kuongoza.

Gari lina ajaa. Ni kuendesha, na programu ya kompyuta nayo huwa wanai-ajaa. Lakini kwa kazi yako kuna ajaa nyingine ya kila asubuhi: ajetaanko parta?, tunyoe ndevu? Neno la kuendesha gari ndilo la kunyoa. Na mtu aliyegongwa na gari, ambaye kwa Kiingereza wanamsemea tena kwa "run", kwa Kifini amebaki chini ya gari, jäi auton alle. Lijue hata kama hutalitumia, utalisikia kwenye historia ya mgonjwa.

Mwilini, kwa muuguzi, kitenzi ni vuotaa. Ni "kuvuja" kwetu, ila wao wanakipeleka mbali zaidi. Paa linavuja, katto vuotaa. Sisi hatusemi pua inavuja, tunasema makamasi yanatoka au mafua yamembana, lakini wao nenä vuotaa. Kidonda kinachotoka damu, haava vuotaa verta. Homa, ambayo Waingereza nayo wanaisemea "run a fever", ni rahisi: hänellä on kuumetta, ana homa. Ukiangalia vizuri, wao hawana kitenzi cha kumiliki kama Waingereza, wanasema "kwake ipo homa". Sisi nasi "ana" yetu ni yeye kuwa na kitu. Mto unatiririka, joki virtaa.

Halafu kuna mahali ambapo juosta linarudi kwenye maji, na ni vizuri ulijue ili usidhani nimekudanganya. Maji yanayotoka bombani yakitiririka ni juokseva vesi, maji yanayokimbia. Unakumbuka mabango ya nyumbani ya kunawa mikono, "maji tiririka na sabuni"? Hayo ndiyo juokseva vesi. Asali nyepesi ya kumwagika ni juokseva hunaja. Mambo ya kila siku ya ofisi ni juoksevat asiat. Na maziwa yako yale, dada, yana uhusiano wa kweli na kukimbia: juoksettua ni maziwa kuganda, na dawa inayogandishia jibini inaitwa juoksute. Kwa nini maziwa yanayoganda yawe yanakimbia wakati yanaacha kutiririka, ni jambo ninalolipenda sana katika lugha hii, na sijawahi kulichoka. Haya yanakaririwa moja moja. Kanuni haiyafikii.

Sasa nikupe tahadhari iliyo nzito kuliko zote, kwa sababu nimekuambia upite kwa Kiswahili, na kuna mahali Kiswahili nacho kitakuangusha.

Kukimbia kwetu kuna maana mbili kubwa. Tunakimbia kwa miguu, na tunakimbia vita. Mtu anaweza kukimbia vita akiwa amekaa kwenye lori siku tatu, au ndani ya boti akivuka Ziwa Tanganyika, na bado tunasema amekimbia. Humo ndimo tulimopata neno mkimbizi. Kifini kinatenganisha. Kukimbia vita ni paeta, na mkimbizi ni pakolainen, neno lililozaliwa na pako, yaani kutoroka hatari. Nimekaa chumbani na mama mmoja kutoka Kongo, hodari, aliyekuwa amejifunza Kifini kwa juhudi na akataka siku hiyo ajieleze mwenyewe, mimi nisitafsiri. Ufini imepokea Wakongo wengi kwa utaratibu wa wakimbizi wa mgao, yaani wale ambao nchi imekubali kuwapokea kwa idadi iliyopangwa, na alikuwa mmoja wao. Akamwambia ofisa aliyekaa mbele yetu: juoksin sotaa. Ofisa akaandika kitu, akauliza tena, akauliza mara ya tatu, na kila mara mama alirudia lile lile kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hasikiki. Alikuwa anasema jambo zito kuliko yote maishani mwake, nalo lilikuwa linamfikia mwenzake kama habari ya riadha. Nilimwomba ruhusa kwa Kiswahili, nikamnong'oneza: pakenin sotaa. Alilisema mara moja. Ofisa akaweka kalamu chini, akamtazama usoni.

Kwa hiyo paeta: pakenen, pakenin. Liandike leo kwenye daftari lako hata kama wewe hukukimbia vita, maana kuna siku utakaa na mtu aliyekimbia. Wazee wa Kifini wenyewe wengine walihamishwa utotoni kutoka Karelia, eneo la mashariki mwa Ufini ya wakati huo, wakati wa vita na Urusi ya Kisovieti, baina ya mwaka 1939 na 1944, na usiku wanapokosa usingizi huwa wanazirudia habari hizo.

Lipo na karata, kutoroka. Mbwa aliyekata kamba, mtoto aliyetoroka nyumbani, mzee mwenye matatizo ya kumbukumbu aliyefungua mlango akatoka na ndala kwenye theluji: karkasi. Hili usilichanganye na paeta, na nafikiri hutalichanganya, kwani sisi wenyewe kutoroka tunalo.

Mengine nayapitia haraka. Kugombea urais, kwa Kifini hakuna mbio wala ugomvi, mtu anajiweka tu kwenye nafasi ya kuchaguliwa, asettuu ehdolle. Kuchelewa, "running late" ya Waingereza, ni olla myöhässä, kuwa ndani ya uchelewevu. Na soksi ndefu ya kike ikifumuka uzi mstari mzima, Waingereza wanasema "run", Wafini wanasema silmäpako. Silmä ni jicho, na ndivyo wanavyokiita kitanzi cha uzi uliofumwa. Pako umeshalijua: kukimbia hatari. Jicho limetoroka.

Utajifunzaje yote hayo? Mimi nisingekushauri ukariri orodha ya "run". Fanya kinyume chake. Chukua daftari, juu ya kila ukurasa andika kitu, kwa Kifini: maito, kello, bussi, kone, haava, nenä, vesi. Kila unapokisikia kitu hicho kazini, andika kitenzi kilichokuja nacho. Baada ya mwezi ukurasa wa kello utakuwa na käy, na ukurasa wa haava utakuwa na vuotaa, na hutahitaji kuuliza. Unapotaka kusema jambo usilolijua, liseme kwanza kwa Kiswahili, kimoyomoyo, jinsi ungemwambia mama yako, umwone mtendaji ni nani. Kisha litafute. Kwa kutafutia tumia Kielitoimiston sanakirja, inapatikana bure mtandaoni. Ni ya Kifini kwa Kifini, najua mwanzoni itakuchosha, lakini kila neno lina mifano, na mfano mmoja wa Kifini wenyewe una faida kuliko maneno kumi ya kamusi ya simu yaliyopangwa bila maelezo.

Tumalizie ripoti yako. Shifti ya usiku: yövuoro on yhdeksästä seitsemään. Hapa usikosee saa, dada. Yhdeksän ni tisa, na saa tisa yao ndiyo saa tatu yetu, seitsemän ni saba, nayo ndiyo saa moja yetu ya asubuhi. Ukichoka, kichwa kinarudi kwenye saa za nyumbani bila kukuuliza, kwa hiyo kwenye karatasi andika tarakimu, 21–7, hazina utata.

Glavu: käsineet ovat loppumassa. Kitenzi ni kile kile cha maziwa, loppua, na -massa inasema jambo limo ndani ya kutendeka, kama sisi tunavyosema kitu kiko mbioni. Hiyo ni ya kuandika. Ukiwa mlangoni unavua aproni na mwenzako anaingia, mwambie hanskat loppuu kohta, glavu zinaisha sasa hivi. Hanskat ndilo neno la mdomoni, na kitenzi kimebaki umoja ingawa glavu ni nyingi, kwa sababu hivyo ndivyo Wafini wanavyoongea. Mwalimu wako wa darasani atakusahihisha. Wenzako wa shifti wataelekea stoo kuchukua boksi jingine.